Kibao mzamiaji, au kwa nini nilimzuia dogo kuyeyusha betri kihambani

Wadau, nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Masama kula Krismasi, si mnajua Wachagga tena, Desemba usipopanda mlimani watu wanaanza kuulizana kama bado uko hai. Sasa nimerudi Tanga kwenye boti, na leo sina siasa wala mpira. Nataka tuongelee uvuvi. Najua wengi mnaosoma hapa mko Moshi mjini na Bomang'ombe, na bahari mmeiona kwenye kalenda tu. Vumilieni kidogo, inawahusu kuliko mnavyodhani. Na wewe uliyelipia nusu saa, nitajitahidi.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Nimefika nyumbani jioni, nimesalimia wazee, nimepewa mtori, halafu nikasikia harufu ya ajabu inatoka nyuma ya migomba. Nikaenda kuangalia. Namkuta mtoto wa baba mdogo, kajenga jiko la mawe matatu, juu kaweka sufuria kuukuu, na pembeni ana lundo la betri za magari amezipasua kwa shoka. Maji ya betri kayamwaga chini, kama hatua kumi tu kutoka kwenye mfongo. Mwanae wa miaka mitatu kakaa pale pale anachezea ganda la betri, mikono myeusi, mdomo mweusi.

"Dogo, unafanya nini?"

"Bro, hii dili. Natengeneza zile chuma zenu za kuvulia."

Kwenye kopo la rangi alikuwa kashamimina mpira wa risasi wa kilo kama tano, juu kauchomekea kipande cha nondo kilichokunjwa. Kumbe mchawi ni mimi mwenyewe. Miezi kadhaa nyuma nilimwambia kwenye simu kwamba boti yetu inapoteza uzito kwenye matumbawe kila wiki, na za dukani bei yake haishikiki. Dogo akapiga hesabu, akazunguka kwa mafundi wa Kwasadala na Bomang'ombe akanunua betri mbovu, akaanza kiwanda. Kichwa anacho, siwezi kumlaumu kwa hilo.

Sasa kabla sijaendelea, wenye asili ya bara niwaeleze hizo chuma ni za nini.

Kuna uvuvi unaitwa kurambaza. Unaburuta mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachotembea, samaki mkali anakiona kitu kinakimbia, anakidaka. Nguru, jodari, kolekole, sulisuli, wote hao wanavuliwa hivi. Mkondo wa Pemba, ile bahari kati ya Tanga na kisiwa cha Pemba, ni maarufu kwa kazi hiyo, maana unateremka ghafla kutoka kwenye miamba hadi mamia ya mita. Hata yule Hemingway aliyeandika hadithi ya theluji za Kilimanjaro mwaka 1936 alishakuja kuvua pwani ya Kenya, pale Malindi, mwaka 1934. Yaani mlima na bahari vimewahi kuunganishwa na mtu mmoja kabla yangu.

Tatizo la kurambaza ni kwamba chambo kinachoburutwa kinapanda juu. Asubuhi na mapema hiyo si shida, nguru yuko juu. Jua likishakuwa kali anashuka chini, na wewe unaburuta chambo juu ya kichwa chake hadi saa tisa, mafuta yanaungua tu. Kwa hiyo unahitaji kitu cha kukishusha chambo.

Wenye hela wana kiwinchi kinachofungwa ukingoni mwa boti. Kina waya, na mwisho wa waya kuna chubwi kubwa la risasi la kilo nne mpaka saba hivi. Mshipi wa kuvulia unabanwa na kibanio karibu na chubwi, ukashuka nao. Samaki akidaka, kibanio kinaachia, unapambana naye bila uzito wowote. Ni kifaa safi. Kilipata umaarufu mkubwa kule kwenye Maziwa Makuu ya Marekani, baada ya samaki aina ya samoni kupandikizwa Ziwa Michigan mwaka 1966. Lakini shikeni hilo, kule boti zinakwenda polepole sana, kilometa tatu hadi tano kwa saa, karibu na mwendo wa mtu anayetembea. Sisi tukimtafuta jodari tunakwenda kilometa 10 hadi 13. Hapo ndipo kasheshe linapoanzia.

Umeshawahi kutoa mkono nje ya dirisha la Coaster ya Moshi–Arusha? (Konda akikukuta atakugombeza, na ana haki.) Gari likiwa linatoka stendi hausikii kitu. Likishika kasi, upepo unataka kuung'oa mkono. Siyo kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili msukumo nao unaongezeka mara mbili. Unaongezeka mara nne. Mwendo mara tatu, msukumo mara tisa. Maji ni hivyo hivyo, ila mazito zaidi.

Sasa angalia chubwi la risasi. Kilo zake tano zikiingia baharini zinabaki kama nne na nusu, kwa sababu maji yanalibeba kidogo. Hizo nne na nusu hazibadiliki, ukienda polepole ni hizo, ukienda mbio ni hizo. Lakini maji yanayousukuma waya na chubwi kurudi nyuma yameongezeka mara nne, mara tisa. Matokeo yake waya unalala, chubwi linakuja juu, na wewe uliyedhani unavua mita 15 unavua mita saba. Utaongeza uzito. Kilo nane, kilo kumi. Boti yetu ni ya faiba, ndogo, bahari ya kusi ikichafuka ule mpira unaning'inia ukingoni kama nyundo. Mwenzetu mmoja ulimponda kidole wakati wa kuupandisha, kucha ikang'oka yote. Na siku ukinasa kwenye mwamba boti inatembea, ukingo mmoja unainama kabisa, hapo mnakata waya haraka bila kuulizana. Ndiyo maana tunazipoteza.

Kuna waliojaribu jiwe. Jiwe linapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake likiwa majini, kwa hiyo kilo tano zinabaki kama tatu, halafu ni kubwa, maji yanapata pa kusukuma. Noma tu.

Turudi kihambani. Nikamwambia dogo azime moto. Hakupenda. Nikamweleza kwamba risasi ni sumu, akanijibu mafundi wa betri mbona wapo na wanazaa. Nikamsimulia ya Owino Uhuru.

Owino Uhuru ni kijiji cha watu wa kipato cha chini pembeni ya Mombasa. Mwaka 2007 pakajengwa kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa pale, na mtoto wake aliyekuwa ananyonya akaugua, vipimo vikaonyesha ana risasi kwenye damu. Akaacha kazi, akaanza kelele, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Wanakijiji walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikapanda na kushuka, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha hukumu ile. Hesabu miaka mwenyewe. Waliokuwa watoto wachanga kiwanda kinajengwa sasa hivi wana ndevu.

Na watu wengi wanadhani hatari ni ule moshi peke yake. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, jiko la kuni linaifikia kiulaini, ndiyo maana kila mtu anaona ni kazi rahisi. Lakini ndani ya betri kuna unga, ule mweusi na wa kahawia, na huo nao ni risasi. Unakaa kwenye udongo, kwenye nguo, kwenye kucha. Mtoto anagusa, anaweka mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inagusa ubongo, na ikishaharibu hairudi.

Dogo akanyamaza kidogo. Halafu akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote: "Sawa bro. Sasa nyie mtavua na nini?"

Nikamwambia njoo.

Nilichukua kipande cha ubao, urefu kama rula, upana kiganja. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunafanya mchezo huu kwenye mfongo, sijui kama watoto wa siku hizi wanaujua. Unatoboa tundu, unafunga kamba, unatupa ubao mahali maji yanakokimbia. Ukiufunga vibaya unarukaruka juu ya maji. Ukiufunga vizuri, kamba ikitokea upande wa juu karibu na pua, ubao unainamisha pua na kuzama mpaka chini, na kadiri maji yanavyokimbia ndivyo unavyozidi kukuvuta mkono. Ukutani kwa maji kule karibu na lango la mfongo uliweza kumchosha mtoto mzima.

Hiyo ndiyo siri yote. Rudi kwenye dirisha la Coaster. Ukilaza kiganja kama unamsalimia barabara, upepo unapita. Ukikiinamisha kidogo upande wa mbele, upepo unakigonga juu na kukikandamiza chini. Tiara nayo ni hivyo hivyo ila kinyume, yenyewe upepo unaipandisha. Kibao ni tiara inayoruka kwenda chini. Sisi kwenye boti tunakiita mzamiaji, na siyo wale wazamiaji wa kujificha kwenye meli kwenda Ulaya, ingawa tabia zinafanana: kinazama na hakirudi mpaka kipate kitu.

Cha muhimu kuelewa ni hiki. Nguvu inayokizamisha kibao inatoka kwenye mwendo wenyewe. Mwendo ukiongezeka mara mbili, maji yanayokirudisha nyuma yanaongezeka mara nne, lakini na yale yanayokikandamiza chini yanaongezeka mara nne hiyo hiyo. Kwa hiyo mshipi unabaki na mlalo ule ule, karibu. Risasi inashindana na mwendo. Kibao kinaula. Na kibao kizima hakifiki kilo moja, dogo anaweza kukibeba kwenye mfuko wa rambo.

Viwandani wanavitengeneza vya chuma kinachong'aa, vina namba kufuatana na ukubwa. Ila siyo lazima. Wavuvi wadogo wa Japani wanarambaza na vibao vya kuzamisha miaka mingi, na vipo vya mbao kabisa.

Kwenye mfongo tulimaliza saa mbili na kibao cha kwanza kikikataa. Kilikuwa kinalala ubavu. Mbao inaelea, kwa hiyo chini yake lazima uweke uzito mdogo ili kijue juu ni wapi. Tulifunga kipande cha bapa la chuma kutoka kwa fundi geti, gramu mia mbili tatu hivi, upande wa tumbo karibu na pua. Hakuna risasi. Juu ya mgongo unaweka waya mnene uliokunjwa kama mpini wa ndoo, lakini umelala kwa urefu, kutoka puani kurudi nyuma kidogo ya katikati. Kwenye waya huo kuna pete inayoteleza. Mshipi unaotoka kwenye boti unafungwa kwenye pete. Mkiani unatoboa tundu, unafunga mshipi wa chambo, mita tano mpaka kumi, na mwisho kabisa kipande cha waya kwa sababu meno ya nguru hayana mchezo.

Pete ikikaa nyuma kwenye kituo chake, kibao kinainamisha pua, kinazama. Samaki akidaka, anauvuta mkia kurudi nyuma kwa nguvu, pete inachomoka na kuteleza hadi puani. Sasa kibao kinavutwa kwa pua, kimenyooka na mshipi, pua inaangalia juu kwenye boti. Maji yanakigonga tumboni badala ya mgongoni. Kinapanda chenyewe hadi juu ya maji. Wewe umekaa nyuma unaona kibao kinaibuka mita thelathini huko, unajua kuna mtu kapiga hodi. Hiyo kitu nikiiona mpaka leo nafurahi kama mtoto.

Mbao tuliyotumia mwishoni ni mringaringa, ile ile ya mizinga ya nyuki. Haipasuki hovyo na inachongeka. Dogo ni fundi, siku tatu alishachonga kumi na mbili.

Sasa msije mkasema nimewauzia mbuzi kwenye gunia, kibao kina matatizo yake na mengine ni makubwa.

La kwanza, hujui uko kina gani hasa. Kiwinchi kina namba, unasoma mita. Kibao unakadiria. Kwetu kinashuka kama robo ya urefu wa mshipi tuliotoa, yaani ukitoa mita 30 uko saba hivi, na ukitumia mshipi mnene hata hapo hufiki kwa sababu maji yanausukuma mshipi wenyewe. Mshipi mwembamba ulio imara ndiyo unazamisha.

La pili, ukisimamisha mashine kibao kinakufa. Ukikata kona kali kibao cha ndani kinapunguza mwendo, kinalegea, kinaenda kumkumbatia mwenzake. Tumeshakaa baharini saa nzima tunafungua mafundo huku samaki wanaruka pembeni yetu wanatucheka. Kona ni pana, kama lori la ndizi linavyogeuka.

La tatu, na hili nawaambia wale mtakaojaribu kweli: usishike kwa mkono. Kibao kikizama kwa mwendo wa jodari kinavuta kama ng'ombe, mshipi utakukata nyama. Unafungwa kwenye boti, na katikati unaweka kipande cha mpira wa tairi la ndani ili ukivutwa ghafla usikatike. Kukirudisha, kwanza punguza mwendo, ulegeze, halafu uvute kwa mshtuko ili pete ichomoke.

Halafu mwani. Jani moja likinasa mbele, kibao kinaanza kuzunguka kama mlevi. Na kila kikiibuka, awe samaki kweli au ni jani, lazima ukivute chote ukakitege upya.

Kwa anayevua polepole juu ya miamba, anayetafuta chewa au changu, mimi namwambia abaki na chubwi lake. Pale mwendo hakuna, kibao hakina cha kula. Hata nahodha wetu, ambaye ni mtu wa pwani na alikuwa hataki kusikia habari za mbao za Wachagga, hoja yake ilikuwa hiyo na alikuwa sahihi. Tulikubaliana: tukitambaa, uzito. Tukikimbia, kibao.

Dogo alivituma vibao vyake kwa basi mwezi wa kwanza. Tumeshajaribu vinane. Vitano vinazama vizuri, viwili vinavuta upande wa kulia, kimoja kilipasuka kwenye tundu la mkia tukapoteza na chambo. Vile vya kulia nimegundua waya haujakaa katikati, umepinda kama milimita tatu tu, nimemtumia picha arekebishe. Siku ya kwanza nahodha alikaa kimya mpaka saa saba mchana, jua la utosini, saa ambayo huwa tunageuza kurudi. Kibao cha kushoto kikaibuka. Nguru, wa kama kilo tisa. Nahodha akasema "Haya," basi, hakuongeza neno. Lakini kesho yake alivifunga mwenyewe.

Zile betri tulizifungia kwenye karatasi za nailoni tukazirudisha kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mjini, na udongo wa juu pale tumeuchimba na kuufukia mbali na mfongo. Sijui kama tumeutoa wote. Maji ya ule mfongo yakitoka kwetu yanashuka mtoni, yanaingia Kikuletwa, yanakwenda Nyumba ya Mungu wanakovua wale samaki wanaouzwa Moshi, yanashika mto Pangani na kuja kumwagika baharini, saa chache tu kwa boti kutoka hapa ninapoandikia. Dogo nilipomwambia hivyo alisema sikuwahi kufikiria.

Mtoto tulimpeleka hospitali kupima damu. Walisema sampuli inabidi isafirishwe, tusubiri. Mama yake ananipigia kila Jumapili baada ya ibada kuuliza kama nimesikia lolote, kana kwamba majibu yatakuja kwangu Tanga. Bado hayajatoka.

Mwenye swali kuhusu vipimo vya kibao aliweke hapo chini, nitajibu nikitoka majini.